Kalibu Iliyokataa Kunywa

Vijana wangu, diploma yangu imetundikwa sebuleni hapa Mountain View, Nairobi, juu ya redio, kwenye fremu ya plasta niliyoimimina mwenyewe na kuipaka rangi ya dhahabu. Kila anayekuja kuniuliza habari za vinyago huisoma kwanza, ndipo anapewa chai. Wengine wenu mnaisoma haraka sana. Mnisamehe nikiwaambia mrudie.

Wako waliopelekwa Uingereza na serikali, na wako waliopelekwa na wamisionari. Mimi nilijipeleka. Nilitoka Machakos, nikaendesha lori la jeshi wakati wa vita, nikaweka akiba, nikapanda meli. Huko nilisugua sakafu za jumba la maigizo mchana, na jioni nikasomea uundaji wa sanamu na kalibu, yaani vyombo vya kumiminia sura. Miaka mitatu. Nilirudi Nairobi katikati ya miaka ya hamsini nikiwa na koti la sufu, tai mbili, na sanduku la chuma lenye makopo mawili ya mpira wa maji, ule utomvu mweupe unaomiminwa ukaganda. Hakuna mtu mwingine katika mji huu aliyekuwa na mpira ule. Nilihakikisha kila mtu anajua.

Juzi kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, kinyago kizuri kinatengenezwa na nini?" Alikuwa ameshika kalamu, akingoja neno moja aandike. Nikamwambia aweke kalamu chini. Uliza kwanza nani atakivaa, na atafanya kazi gani akiwa ndani. Mtu wa kusimama kwenye maandamano ana kinyago chake, na mtu wa kucheza ngoma ana chake. Mtu wa kusema ana cha tatu, na hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Mimi nilifundishwa hilo na Zakayo, ambaye hakuwa na diploma na alikuwa haongei.

Wakati huo niliajiriwa na Mistri Kanji, Mhindi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na karakana katika ua nyuma ya River Road. Yeye alimimina mapambo ya dari: maua, zabibu, majani ya plasta ya kuzungushia taa katika nyumba za matajiri. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Diploma. "Diploma, lete maji." "Diploma, osha ndoo." Kila mara alilitamka neno lile kama mtu anayeonja chai akagundua haina sukari.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa imekaza, mwanamke aliingia uani, na nyuma yake mwanamume mrefu aliyeshika kofia kwa mikono miwili.

"Hodi. Tunatafuta yule mtu alitoka Ulaya."

"Ndiye mimi," nikasema, nikasimama ili aone tai.

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Ni wewe? Nilifikiri utakuwa mnene."

Mistri Kanji akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Huyu ni bwanangu, Zakayo," mwanamke akaendelea. "Karani wa stoo kule stesheni. Mimi ni Truphena. Nafinyanga vyungu, nauza Kangemi kando ya barabara. Anataka kinyago."

Nikamgeukia mwanamume. "Kinyago cha namna gani, bwana?"

Zakayo akafungua mdomo. Shingo ikakaza, macho yakafumba, na herufi moja ikashika mlangoni. "Z-z-z..." Mistri akaacha kukoroga. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Zimwi," Truphena akasema, bila haraka, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango.

Ndipo akanieleza. Kanisa lao la Kangemi lilikuwa na kikundi cha watu wa magharibi mwa Kenya, na kila Agosti walifanya mchezo wa zimwi anayekuja kijijini na kumeza kila kitu mpaka anashindwa na mtoto. Zakayo ndiye zimwi. Kila siku ya mwaka alikuwa na kigugumizi, lakini akivaa kinyago ulimi ulifunguka. Hakuna aliyejua sababu, hata yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia walikuwa wametumia kinyago cha karatasi. Jasho likakilainisha, taya likabanduka mbele ya watu wote, nusu ya uso wa Zakayo ikaonekana, na papo hapo maneno yakakatika katikati ya sentensi. Watu wakacheka. Akashuka jukwaani, akaenda nyumbani.

"Mwaka huu babake anakuja," Truphena akasema. "Kwa treni, kutoka Maragoli. Huyo mzee hajawahi kumsikia akimaliza sentensi. Tangu akiwa mtoto alikuwa anamwambia, 'Sema ama unyamaze.' Basi akanyamaza. Akienda nyumbani wanakaa hivi, wanaangalia ng'ombe. Mimi ndiye nimeandika barua, nikamwambia mzee aje akae mbele. Hiyo kitu ikianguka tena, bwana fundi, hawa wawili hawataongea mpaka mmoja azikwe."

"T-Truphena," Zakayo akasema.

"Ni uongo?"

Akainamisha kichwa. Haikuwa uongo.

Nikawaambia wasiwe na shaka, wamekuja kwa mtu anayefaa. Nakumbuka nilitaja diploma, labda mara mbili.

Walipoondoka, mimi na Mistri tukabishana. "Fanya ya karatasi," akasema. "Ndani paka vanishi. Kwisha." Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Karatasi na uji wa unga ni kitu kizuri. Ni nyepesi na haihitaji ujuzi mwingi, na kwa kinyago kikubwa cha maandamano sijaona kinachoishinda. Lakini mikunjo midogo inazibwa na tabaka za karatasi, uso unakuwa butu kama andazi. Vanishi ukiipaka ndani, pumzi ya msemaji inazunguka humo humo kwa saa nzima na mwishowe inapata njia. Na mende wanaupenda ule unga. Nguo na gundi ya ngozi inashika mikunjo vizuri zaidi, lakini gundi ile ni mchuzi ulioganda: mpe jasho na joto, inarudi kuwa mchuzi. Plasta yenyewe hushika hata alama ya kidole, ila ni nzito na ikiguswa na mlango inavunjika. Mti mimi naujua, baba yangu alichonga mti maisha yake yote. Kinyago cha mti kitamzika mwenyewe. Lakini taya la mti halifunguki pamoja na taya la mtu.

Na Zakayo alihitaji taya lifunguke. Alihitaji uso utakaomshika kila mahali, usiomwacha hata akipiga kelele. Hiyo ni kazi ya mpira.

"Mpira sisi hatujui," Mistri akasema.

"Mimi najua."

Nilijua, ndiyo. Hata hivyo kuna jambo ambalo Mistri Kanji alikufa bila kuambiwa, nami nawaambia nyinyi kwa sababu mimi mwenyewe sina muda mwingi. Somo la mpira lilifundishwa mchana mmoja tu, na mchana ule nilikuwa nikisugua sakafu. Nililisoma baadaye katika daftari la mwenzangu, mwenye mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino.

Kwanza tulichukua uso wa Zakayo. Ukitaka kinyago kimkae mtu, lazima uanzie kwenye fuvu lake mwenyewe. Unampaka mafuta ya mgando, hasa nyusi na kope, unamtia mirija miwili puani, unammiminia plasta nyororo usoni, na unangoja ishike. Msisahau nyusi. Huko Uingereza nilisahau nyusi za mwanafunzi mmoja, kijana mpole sana, na alikwenda kwenye harusi ya dadake akiwa amechorewa nyusi kwa penseli. Zakayo nilimpaka mafuta mpaka akang'aa kama sufuria mpya.

Akalala mezani, mweupe, kimya, hawezi kusema. Truphena akakaa kando yake amemshika mkono. Mimi nikasema neno la kumtuliza, halafu nikabaki kutazama mirija ya pua.

"Leo mko sawa sawa," Truphena akamwambia mumewe. "Hata huyu fundi hana la kusema."

Mkono wa Zakayo ukatikisika. Alikuwa anacheka chini ya plasta, na plasta ikapata ufa shavuni. Tulirudia.

Ndani ya ganda lile nikamimina plasta nyingine, nikapata sura kamili ya Zakayo, na juu ya sura ile nikafinyanga zimwi. Truphena ndiye aliyeleta udongo, mweusi, laini, uliopepetwa na kukandwa mpaka hauna hata mchanga mmoja. Nilifanya kazi siku tatu. Nilimpa zimwi nyusi nene, pua pana, mikunjo mia, na chunjua moja kwenye pua ambayo niliionea fahari kubwa. Nikamwita Truphena aje aone.

Akazunguka meza mara mbili. "Huyu hana njaa."

"Unasema?"

"Amekula. Angalia mashavu. Zimwi aliyekula atafuata nini kijijini kwetu?" Kabla sijamzuia akatia vidole gumba vyote viwili chini ya mifupa ya mashavu, akavuta kwenda chini. Mara mbili tu. Zimwi akawa na njaa. Akawa pia na huzuni fulani, ambayo katika siku tatu sikuwa nimeipata. Nilimwambia ndivyo nilivyokuwa karibu kufanya.

Sasa kalibu. Kwa mpira ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kitu kigumu kama plasta ukikimimina ndani ya kalibu ngumu, kila pango la pua na kila mkunjo wa ndani utakikamata, hakitoki. Ndiyo maana Mistri kwa zabibu zake alitumia kalibu ya gundi laini, ya kunyumbuka. Mpira wenyewe unanyumbuka, kwa hiyo kalibu yake inaweza kuwa ngumu, kipande kimoja, na mikunjo utakayo. Nikamimina plasta juu ya zimwi wa udongo, ikashika, nikatoa udongo vipande vipande, nikaosha. Ndani kukabaki uso wa zimwi uliogeuzwa, kila mkunjo umo.

Halafu, kama nilivyofundishwa, nikaipaka vanishi mara tatu, na sabuni laini juu yake.

"Diploma," Mistri akaniuliza, "kwa nini paka?"

"Ili isigande. Ndivyo tulivyofundishwa."

Akainua mabega, akarudi kwenye zabibu zake.

Nikafungua kopo la kwanza. Harufu ya mpira wa maji ni kali, inachoma macho kama choo cha stesheni, lakini mimi niliivuta kama manukato. Nikamimina mpaka pomoni. Daftari lilisema unangoja, ngozi inajijenga ukutani, unamwaga uliobaki. Nikangoja saa moja. Nikainamisha kalibu, mpira wote ukatoka kama maziwa kwenye kikombe, kuta zikabaki tupu, zinang'aa. Nikarudisha. Nikangoja mpaka jioni, halafu mpaka kesho, halafu mpaka kesho kutwa. Juu kukafanya utando kama uji uliosahauliwa, chini mabonge. Nikauvuta ule utando, ukachanika mkononi kama karatasi ya kufungia mkate. Kopo moja likawa limekwisha. Zilibaki siku kumi.

Nikasema ni baridi. Julai ya Nairobi inajulikana, mawingu yanakaa juu ya mji wiki nzima, hata shati halikauki. Mistri akakubali kwamba ni baridi, kwa namna ambayo nilijua hakubali.

Mchana ule Truphena na Zakayo wakaja kuona kazi. Sikuwa na pa kuificha. Zakayo akautazama ule utando uliochanika, akaiweka kofia kichwani, akatoka nje akasimama uani akiangalia ukuta. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Truphena akaichukua kalibu. Akapitisha kidole ndani. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna mwalimu wangu hata mmoja aliyepata kukifanya: akatoa ulimi, akaugusisha ndani ya kalibu.

"Huyu hanywi," akasema.

"Mama Truphena, tafadhali."

"Chungu kikikauka sawa sawa, ukikiramba kinashika ulimi. Kina kiu. Huyu umempaka mafuta mpaka ameshiba. Hayo maziwa yako maji yake yaende wapi?"

"Hapa tunafanya mambo ya sayansi," nikamwambia.

"Sawa. Basi iambie sayansi yako inywe."

Akatoka, akamshika mumewe mkono, wakaenda. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mistri akaenda kula. Nilipokuwa na hakika niko peke yangu, nikachukua kibonge cha plasta kavu kilichobaki sakafuni, nikakiramba. Kikaushika ulimi mpaka nikashtuka. Nikaramba kalibu. Haikushika. Ilikuwa na ladha ya sabuni.

"Diploma," sauti ikasema mlangoni. "Njaa?"

Mistri alikuwa amesahau miwani yake.

Basi andikeni hili, sasa chukueni kalamu. Plasta ikiwa inapokea plasta, ipake, ifunge, isigusane na mwenzake. Plasta ikiwa inapokea mpira wa maji, iache na kiu. Ukuta unakunywa maji, mpira unabaki ukutani kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ukiifunga kiu ile, umekwisha. Kazi yangu nzuri ya kupaka ndiyo iliyoniangusha, na ningekuwa mvivu ningefanikiwa.

Nilikwenda Kangemi kwa miguu siku iliyofuata, pasi yangu mfukoni, maana miaka ile ya hali ya hatari mtu hakutembea bila kibali cha serikali. Nilimkuta Truphena kando ya barabara ile mnayoiita leo Waiyaki Way, vyungu vyake vimepangwa kwa ukubwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Sikuyakumbuka.

"Ulikuwa na haki," nikasema.

"Umeramba?"

"Nimeramba."

Akacheka, lakini hakunicheka. "Sasa?"

Sasa zimwi wa udongo alikuwa amekwisha kuvunjwa, na vanishi ile haitoki kwenye plasta ikishaingia. Kufinyanga upya siku tatu, na yale mashavu yake mimi nisingeyapata. Nikamweleza. Akafikiri, akimwuzia mtu chungu papo hapo. Halafu akasema, "Hiyo kalibu yako imeshiba, siyo? Haishiki kitu?"

"Haishiki."

"Basi si itatoa udongo?"

Vijana wangu, nilitamani kuketi chini pale barabarani. Kalibu iliyoharibika kwa mpira ilikuwa kalibu kamili ya udongo. Alikuja nami karakanani jioni ile ile. Akapuliza majivu laini ndani, akasindilia udongo kwa kidole gumba, kibonge kwa kibonge, kutoka puani kwenda nje, bila kuacha pango la hewa. Tukaacha udongo usinyae kidogo usiku kucha. Asubuhi tukapindua kalibu, akapiga mgongo wake kama anayemtuliza mtoto mchanga, na zimwi akatuangukia mikononi, na mashavu yake, na njaa yake, na chunjua yangu.

Nikamimina kalibu mpya. Safari hii sikuipaka kitu. Ilibidi ikauke, na Nairobi ilikuwa mvua ya rasharasha. Mlango wa pili kulikuwa na dobi aliyepiga pasi za makaa kutwa nzima, chumba chake kina joto la kupendeza. Akakubali tuiweke rafu ya juu, mbali na makaa, kwa sababu plasta ikipata moto mwingi inageuka chaki. Kila asubuhi niliishusha nikaiweka shavuni. Jueni hilo pia: plasta yenye maji ndani ni baridi shavuni hata kama mkono unakudanganya kwamba imekauka. Siku ya tano haikuwa baridi. Nikairamba mbele ya Mistri, mbele ya dobi, mbele ya wateja wa dobi. Ikashika.

Kopo la pili lilikuwa la mwisho katika Afrika Mashariki, kwa kadiri nilivyojua. Kwanza nikapaka tabaka jembamba kwa brashi, nikipuliza kila povu, maana povu moja kwenye ncha ya pua ni shimo. Halafu nikamimina. Mistri akasimama kando yangu, hakuniita Diploma wala kitu kingine. Baada ya dakika arobaini nikainamisha. Maziwa yakatoka, na kuta zikabaki nyeupe. Nyeupe, nene, zimekaa.

Kwa dobi tena, mpaka weupe ukageuka rangi ya asali. Nikapaka poda ya watoto ndani kabla ya kubandua, kwani mpira mpya ukijigusa wenyewe unajishika na hauachani. Rangi ya kawaida hupasuka juu ya mpira, kwa hiyo nilichukua gundi ya mafundi wa baiskeli, ile ya kubandikia viraka, nikaizimua kwa petroli na kuitia rangi ya unga. Hiyo daftari halikuwa nayo. Hiyo ni yangu.

Zakayo alikuja Ijumaa, siku moja kabla ya mchezo. Akavaa pale uani, akaurekebisha mdomo kwa vidole. Zimwi akageuza kichwa kushoto, kulia, njaa yake yote usoni, halafu akasema kwa sauti nene, iliyonyooka kama reli:

"Mistri, hiyo plasta yako inagandia kwenye ndoo."

Ilikuwa kweli. Mistri akaruka, na ndoo ikawa imekwisha kuwa jiwe. Hakuwahi kufurahia hasara namna ile.

Mchezo ulikuwa Jumamosi alasiri, mapema, ili watu wafike makwao kabla ya saa ya marufuku ya kutembea. Baba yake Zakayo alikaa benchi la mbele, mzee mwembamba mwenye koti la kijeshi na fimbo, hageuki kushoto wala kulia. Zimwi akaingia. Sitawaeleza mchezo wote. Alisema kwa lugha yao, nami ni Mkamba, lakini sikuhitaji kuelewa. Maneno yalitoka bila kukwama, taya likifunguka na kufunga pamoja naye, na watoto wa mstari wa mbele wakapanda magotini mwa mama zao. Mzee hakucheka, wala hakupiga makofi. Nilimwona akiinamia fimbo kila zimwi aliposema, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ya chini.

Watu wakatoka nje. Nikamngoja Zakayo mlangoni nikiwa na kitambaa na kopo la poda, kwa sababu hata mpira hauvumilii jasho likikaa. Unauvua mara moja, unaukausha, unaupaka poda, na unaweza kukutumikia miaka mitano. Ukiuacha usoni, unalainika, unachanika kwenye kidevu, basi.

Zakayo akanipita. Hakuvua. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi lililokuwa chini ya ukuta wa kanisa, babake ameketi. Akaketi kando yake, zimwi na mzee, magoti yamekaribiana. Akaanza kusema.

Nikaanza kwenda. Truphena akanishika koti la sufu kwa nyuma.

"Fundi, kaa chini."

"Kitaharibika."

"Kaa."

Nikakaa naye kwenye ngazi. "Anasema nini?" nikamwuliza.

Akasikiliza. "Anamsalimia."

"Mpaka saa hizi?"

"Salamu zetu ni ndefu. Ameuliza safari. Ameuliza kama alilala kwa treni, na kama alipata kiti. Sasa anauliza shangazi zake, mmoja mmoja. Wako sita." Akatega sikio tena. "Ameuliza ng'ombe. Anataka kujua yule mwekundu alizaa nini."

Na mzee alijibu. Aliuangalia uso ule wa mashavu yaliyoingia ndani, akaujibu kila swali kwa heshima, polepole, akichora kwa fimbo mchangani mahali zizi lilipo sasa. Mara moja tu alinyoosha mkono, akaigusa chunjua ya pua kwa kidole, akaendelea na habari za mahindi. Kutoka pale nilipokaa niliona ufa wa kwanza ukifunguka chini ya kidevu, ukipanda kuelekea sikio. Kopo la mwisho katika Afrika Mashariki. Nikaweka poda mfukoni.

Jua lilipoanza kushuka, mzee akainuka, akaja kwetu, zimwi akimfuata nyuma, kidevu kinaning'inia. Akaniangalia tai, akaona mimi si mtu wao, na kwa adabu akasema Kiswahili.

"Truphena, huyu bwana yako nyumbani huongea namna hii?"

"Kila siku, baba," Truphena akasema.

"Anaongea sana."

"Sana, baba. Hata huwa namwambia apunguze."

Mzee akanigeukia mimi, kama mtu anayetaka shahidi. Na mimi, ambaye nilikuwa na mengi ya kueleza kuhusu kinyago kile, kalibu yake, na mahali nilipopata elimu, nikafunga mdomo.